Bidhaa zinazovuta maji na zisizoyashika: maelezo kwa wanaopitisha mizigo Rusizi

Lori linalotoka Kigali kwenda Rusizi, yaani Cyangugu ya zamani, hupita Huye kisha hukata msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na ukungu. Likishuka hadi bonde la Bugarama linakuta joto, kwenye kimo cha chini ya nusu ya hicho. Katika safari hiyo mzigo unaweza kulowa hata kama turubai halina tundu, na sababu kubwa ni bidhaa yenyewe.

Chembe ya maji ina upande wa oksijeni wenye chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni wenye chaji chanya kidogo. Hivyo maji hushikamana na vitu vyenye chaji au vyenye pande kama hizo: chumvi, sukari, unga, karatasi, nguo za pamba. Mafuta hayana pande hizo. Husemwa kwamba mafuta yanayakimbia maji, lakini kwa kweli ni maji yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe na kuyaacha mafuta nje.

Chumvi safi huanza kuloa unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Chumvi ya mawe isiyosafishwa huwahi zaidi, kwa sababu hubakiwa na chumvi ya magnesi inayovuta maji hata kwenye asilimia 33. Gunia likichuruzika bila mvua kunyesha, usimlaumu dereva kabla ya kujua chumvi ni ya aina gani. Chumvi iliyoloa hukaushwa ikauzwa.

Saruji ni habari nyingine. Bugarama ndiko kiliko kiwanda cha CIMERWA, kilichoanza kazi miaka ya 1980, kwa hiyo mzigo huu unajulikana sana hapa. Saruji haivuti maji tu, inaungana nayo na kuwa jiwe, na hakuna jua litakaloirudisha. Mvuke hupenya mfuko wa karatasi polepole. Hata hivyo si kila bonge ni hasara: mifuko ya chini ya rundo hukazwa na uzito wa ile ya juu. Ukiuviringisha mfuko na bonge likavunjika kwa vidole, saruji bado inafaa. Lisipovunjika, maji yameshaingia, usiipokee. Na saruji isipangwe kamwe juu ya chumvi au kando yake.

Kwa mawese hatari iko chini ya dumu. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo hukaa chini, na anayechungulia mdomoni haoni kitu. Lita 20 za mawese zina uzito wa kilo 18 hivi, lita 20 za maji ni kilo 20. Pima, kisha chota kwa mpira kutoka chini. Kukiwa na baridi mawese huganda na kuyashika maji katikati, basi yapashe moto kwanza. Maji hayo pia huyafanya yachache haraka.

Wenye mbolea waweke urea mbali na CAN. Kila moja peke yake huvumilia unyevu kiasi, lakini zikichanganyika hugeuka uji hata katika hewa inayoonekana kavu.

Kuhusu turubai: hewa yenye joto iliyofungiwa Kigali hupoa Nyungwe na mvuke wake huwa matone yanayodondokea mzigo. Acha nafasi kati ya turubai na magunia, weka mbao chini. Gunia la plastiki iliyofumwa halinywi maji, ila matundu kati ya nyuzi hupitisha mvuke. Wengine huongeza mifuko ya nailoni ndani. Wakumbuke kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza plastiki za kutumika mara moja. Mpakani hunyang'anywa.