Swichi Zilizokubali Kufundishwa

Wengi huhesabu ukombozi wa swichi za mtandao kuanzia mwaka 2008, Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipochapisha pendekezo la OpenFlow. Kabla ya hapo kila swichi ilijiamulia njia za pakiti kwa programu iliyofungiwa ndani na mtengenezaji. OpenFlow iliuhamishia uamuzi huo kwenye kompyuta ya udhibiti iliyo nje. Hata hivyo, kilichohama ni mamlaka ya kuamuru tu. Mambo yanayoweza kuamriwa yalibaki yamepangwa tayari. Toleo la 1.0, la mwaka 2009, lilitambua sehemu 12 tu za vichwa vya pakiti. Kufikia toleo la 1.4, mwaka 2013, zilikuwa 41. Orodha ilizidi kurefuka, lakini aliyebuni itifaki mpya bado alisubiri kamati iiafiki, kisha kiwanda kitoe chipu inayoifahamu.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na lugha ya P4, iliyopendekezwa mwaka 2014. Pakiti ikiingia kwenye swichi ya kawaida, chipu husoma baiti 14 za kichwa cha Etheneti. Ikikuta mwishoni namba 0800 ya heksadesimali, inajua kinachofuata ni IPv4, kwa kuwa ujuzi huo umechongwa kwenye silikoni. Kwa P4, mwandishi wa programu ndiye anayeitaja namba hiyo, urefu wa kichwa kinachofuata na jedwali la kutazamwa. Chipu hutoka kiwandani bila kujua itifaki yoyote.

Wapo waliodai kwamba uhuru huo ungegharimu kasi. Tofino, chipu ya Barefoot Networks iliyotangazwa mwaka 2016, iliwajibu kwa kupitisha terabiti 6.5 kwa sekunde. Pingamizi zito zaidi ni la kibiashara: Intel iliinunua Barefoot mwaka 2019, na mwaka 2023 ikasitisha uundaji wa Tofino mpya. Hilo linaonyesha kuwa wanunuzi wa uhuru kamili ni wachache. Halionyeshi kuwa OpenFlow ilitosha. Google, kwa mfano, imeitumia P4 kueleza hata kazi za chipu zisizobadilika, ili programu ya udhibiti na swichi zipimwe kwa maelezo yaleyale. Kwa hiyo chipu inaweza kukosa soko, lakini mwenye mtandao akishazoea kuandika mwenyewe anachotaka swichi ifanye, ni vigumu kumrudisha kwenye orodha ya mtengenezaji.