Waya Mmoja, Kisiwa Kizima



Juzi nilikuwa nazungumza na rafiki yangu wa Dar es Salaam, mwandishi mwenzangu. Katika mazungumzo akaniuliza: "Hivi nyinyi Wazanzibari umeme wenu mnazalisha wapi?" Nikamwambia sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka huko huko kwenu, inapita chini ya bahari. Akacheka, akadhani namtania.

Simlaumu. Umeme ni kitu ambacho mtu hakiulizi kinatoka wapi mpaka siku kikikatika. Mimi niliuliza nikiwa na miaka kumi.

Ilikuwa Desemba 2009. Umeme ulikatika Unguja nzima, tukadhani ni wa kuzimwa saa mbili tatu kama kawaida. Haukurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Na haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima.

Asiyewahi kukaa kwenye hali ile anafikiri shida ni taa. Taa si kitu, koroboi zipo. Shida ilikuwa maji. Maji ya bomba yanavutwa kwa pampu, na pampu zinataka umeme. Tukawa tunaamka alfajiri na ndoo kwenda kupanga foleni kisimani. Wauza samaki barafu hawana. Wenye uwezo jenereta zinanguruma usiku kucha, na sisi wengine tunasikiliza tu. Bibi yangu alitoa kandili lake uvunguni, akalifuta vumbi, akasema: "Mjukuu wangu, kitu cha kuletewa kwa kamba moja, kamba ikikatika ndiyo basi."

Maneno yale hayajanitoka. Ilikuwaje kisiwa cha watu zaidi ya laki sita kikaning'inia kwenye waya mmoja? Nimekuwa nikisoma habari hizi kwa muda, na nilichokuta kimenishangaza.

Cha kwanza ni kwamba Zanzibar haikuwa nyuma kwa umeme. Ilikuwa mbele ya wote. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya inaanzia hapa kwetu: Sayyid Barghash alinunua mashine ya kuzalisha umeme mwaka 1875 ili kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mashine hiyo ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Esmailjee Jeevanjee, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo ikaungana na ya Nairobi, zikawa East African Power and Lighting.

Sasa fuatana nami. Tanganyika umeme ulianza mwaka huo huo wa 1908, Wajerumani walipoutumia kwenye karakana za reli Dar es Salaam na nyumba zao. Waingereza wakauchukua, na mwaka 1931 kazi ikaachiwa kampuni mbili za binafsi. DARESCO ilipewa Dar es Salaam na miji ya reli ya kati, na TANESCO ikapewa upande wa Tanga na maporomoko ya mto Pangani. Mwaka 1932 East African Power and Lighting ikanunua hisa nyingi za TANESCO. Yaani kampuni iliyoanzia kwenye mashine iliyotoka Zanzibar ndiyo ikawa mwenye TANESCO! Mwaka 1964 serikali ikanunua hisa hizo, na hatimaye shirika likawa mali ya umma moja kwa moja.

Ukitazama njia za umeme za enzi hizo utaona zilifuata fedha. Mashamba ya mkonge yalipata, reli ilipata, bandari ilipata. Mwanakijiji aliyekaa chini ya nguzo hakupata kitu. Baada ya uhuru njia zikaanza kufuata maji. Hale ilizalisha megawati 21 kuanzia 1964, na njia ya kilovolti 132 ikauleta umeme wa Pangani hadi Dar es Salaam. Kisha likaja Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu: megawati 100 mwaka 1975, na 204 ilipofika 1980. Umeme huo ulipita Morogoro hadi Ubungo kwa msongo wa kilovolti 220. Hapo ndipo tulipoanza kupata kitu cha kuitwa gridi ya taifa. Katika miaka ya themanini nyaya zikafika Mbeya, na upande mwingine zikapita Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza.

Kwa nini kilovolti nyingi hivyo wakati nyumbani tunatumia volti 230 tu? Sababu ni kwamba umeme ukisafiri unapotea njiani kwa kugeuka joto kwenye waya. Ukiongeza msongo mara mbili, mkondo unapungua nusu, na kinachopotea kinabaki robo. Ndiyo maana umeme hupandishwa msongo unapotoka kwenye mtambo, ukasafirishwa mbali, halafu ukashushwa kwenye vituo vya kupoza umeme kabla haujaingia mitaani. Kazi ya shirika la kusafirisha umeme ni hiyo, pamoja na kuhakikisha kila sekunde kinachozalishwa kinalingana na kinachotumika. Hakuna ghala la kuuweka kama mahindi.

Turudi kwetu. Katika miaka ya sabini bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya, na Unguja ilikuwa ikitegemea mitambo ya dizeli. Bara Kidatu limeongezwa nguvu. Uamuzi ulikuwa wa busara kabisa: vuta waya. Mwaka 1980 ukalazwa waya wa kilovolti 132 baharini, kutoka Ras Kiromoni kaskazini ya Dar es Salaam hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Kwa hiyo mji uliouza mashine yake Mombasa ukaja kununua umeme kwa shirika ambalo liliwahi kuwa mtoto wa kampuni iliyozaliwa na mashine hiyo. Historia ina mizaha yake.

Waya ule ulifanya kazi kwa miaka karibu thelathini. Na hapa ndipo penye somo. Kwa sababu ulifanya kazi vizuri, mitambo ya dizeli ikaachwa ichakae. Nani atanunua dizeli wakati umeme wa maji ni rahisi? Wakati huo huo hoteli zikajengwa, vijiji vikaunganishwa, friji na pasi zikaongezeka, na mahitaji yakakaribia zile megawati 45. Pemba, ambayo waya haukufika, iliendelea na jenereta zake za Wesha, na tulipokuwa gizani sisi, wao walikuwa na taa.

Nguzo ikianguka nchi kavu fundi anapanda, siku ya pili mambo yamekwisha. Njia ya baharini ikipata hitilafu ni habari nyingine: wataalamu ni wachache duniani, na vipuri havipatikani dukani Darajani. Wajenzi wa gridi wana kanuni yao ya zamani: jenga ili kitu kimoja chochote kikiharibika, vilivyobaki vibebe mzigo. Sisi tulikuwa na kitu kimoja tu.

Baada ya kiza kile mambo yalibadilika. Jenereta za akiba zikawekwa Mtoni. Mwaka 2010 Pemba ikaunganishwa na Tanga kwa waya wake wa kilovolti 33. Mwaka 2013 waya wa pili wa Unguja ukaanza kazi, megawati 100, kwa fedha za msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008. Ni nzuri, lakini jiulize: ilibidi tukae gizani mara mbili?

Na msidhani hili ni la Wazanzibari peke yetu. Bara miaka yote hadithi ni mabwawa. Mwaka 2024 mashine za kwanza za Bwawa la Julius Nyerere zilianza kuzalisha, na mwaka 2025 zote tisa zikakamilika, megawati 2,115. Lakini Aprili 2024, bwawa likiwa limeshaanza kuzalisha, hitilafu ya gridi iliiacha nchi gizani. Machi 2025 Rais Samia alieleza kwamba umeme wa kupeleka kaskazini kutoka kusini unapotea njiani kwa hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka, hivyo serikali ina mpango wa kununua wa Ethiopia kupitia Kenya. Watu wakapiga kelele: tuna bwawa, tunanunua umeme wa nini? Kelele zile zinaonesha tunavyojua mitambo na tusivyojua njia. Mto uko kusini, Arusha iko kaskazini, na katikati kuna waya mrefu.

Gridi za Tanzania na Kenya ziliunganishwa Desemba 2024 kwa msongo wa kilovolti 400. Wapo wanaoona huko ni kujiweka mikononi mwa wengine. Nawaelewa, maana hofu hiyo naijua toka utotoni. Lakini nimejifunza kwamba kilichotutesa Unguja hakikuwa kuunganishwa. Kilichotutesa ni kuunganishwa kwa njia moja na kutupa akiba tuliyokuwa nayo. Mwenye njia tatu yuko huru kuliko asiye na hata moja, na yuko huru mara kumi kuliko mwenye moja.

Bwawa likizinduliwa viongozi wanapiga picha. Waya wa pili hauna picha nzuri, na ukifanya kazi yake hakuna atakayejua upo. Basi safari nyingine ukimsikia kiongozi anatangaza megawati, muulize: zitapita wapi? Na njia hiyo ikikatika?

Kandili la bibi bado ninalo. Nalifuta vumbi mara moja moja.

Alamsiki.