Ngolo za Wamatengo

Kusini mwa Tanzania, mashariki ya Ziwa Nyasa, iko milima ya Umatengo, katika nchi ya Mbinga. Apitaye huko huona miteremko imejaa mashimo yaliyopangwa sawasawa kama macho ya wavu. Wenyeji huyaita ngolo. Wengine huandika ngoro. Twapenda kueleza asili yake na faida yake, kwa maana ndani ya desturi hii mna elimu.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi ya Songea, wakawa wakishambulia majirani. Wamatengo wakakimbilia milimani, wakakaa wengi mahali padogo. Kulima kwa kukata msitu, kuchoma na kuhama hutaka nchi pana, nao hawakuwa nayo. Tena mvua ya milimani huchukua upesi udongo wa mteremko. Ndipo ngolo zilipokuwa kinga yao.

Kazi yenyewe ni hii. Mvua zikaribiapo mwisho, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yakauke. Kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, hata shamba likawa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Basi katikati hubaki shimo, na pande zote nne hubaki tuta. Juu ya tuta hupandwa maharagwe. Mvua mpya zikija, hupandwa mahindi pale pale. Magugu hutupwa shimoni, yakaoza. Zamu ya kuchimba irudipo, mashimo hubadilishwa mahali, na uozo ule huwa chakula cha mimea mipya.

Kwa hiyo maji hayapati njia ya kutelemka kwa nguvu: hutuama shimoni, yakanywea polepole, na udongo uliochukuliwa hukaa humo humo shambani. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za kilimo hiki katika Tanganyika Notes and Records. Na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Sokoine na wa Kyoto walikwenda Mbinga kukichunguza.

Na tulinganishe habari hii na ya Uluguru. Huko, tangu 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kukata milima iwe ngazi, ili kuuhifadhi udongo. Nia ilikuwa njema; lakini udongo wa juu ulikuwa haba, na kuchimba ngazi kulifunua udongo wa chini usio na rutuba. Watu walichoka na kazi isiyowapa mavuno; mwezi wa Julai 1955 pakatokea ghasia, na mpango ukaachwa. Twaona, basi, ya kuwa udongo hauhifadhiwi kwa amri. Huhifadhiwa na mkulima aonaye faida yake mwenyewe, kwa njia iliyopatana na ardhi yake.

Lakini ngolo nazo zataka mikono mingi. Kahawa huvuta nguvu za watu, vijana huenda mijini, na wengine wamegeukia matuta ya kawaida, yaliyo mepesi kulimwa. Ngolo ikiachwa, majina ya kazi zake na ya majani yake hayatadumu vinywani. Yafaa, basi, walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wangali hai, wakajifunze kwa jembe na kwa maneno pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari ya elimu hii hata leo ni wazee wenyewe.