Chanjo: Neno la Ndui Mbele ya Kirusi Kigeugeu

Istilahi "chanjo" imetokana na kitenzi "kuchanja", ambacho maana yake ya asili ni kupasua au kutia mkato: kuni huchanjwa, na ngozi huchanjwa chale ili ipakwe dawa. Katika tiba ya kisasa neno hili lilistahili kabisa kwa ndui, kwa kuwa chanjo yake ilikwaruza ngozi na kuacha kovu. Wazungu, kwa upande wao, walimfuata ng'ombe. Edward Jenner alipomchanja mtoto kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe mwaka 1796, jina la tiba hiyo lilitoholewa kutokana na jina la Kilatini la mnyama huyo.

Ndui ilikuwa adui asiyegeuka. Kirusi chake kilibadilika kidogo mno, wala hakikuwa na maficho kwa wanyama. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Na Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa. Naona ushindi huo ndio uliolipa neno "chanjo" uzito wa kinga kamili katika fikra za watu wengi.

Homa ya mafua haikukubali uzito huo. Chanjo iliyowafaa askari wa Marekani mwaka 1945 haikufua dafu mwaka 1947, maana kirusi kilikwisha kujigeuza. Ndiyo sababu tangu 1973 Shirika hilo hupendekeza rasmi virusi vinavyopasa kutiwa katika chanjo, na mapendekezo hayo hayana budi kupitiwa upya kila mwaka.

Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021. Novemba mwaka huo huo ikatangazwa aina ya Omicron, nayo iliwaambukiza hata waliochanjwa, ingawa chanjo iliendelea kupunguza ugonjwa mkali na vifo. Basi mfasiri anayeandika kwamba "chanjo huzuia UVIKO-19" amesema kuliko alivyoambiwa, na mwananchi aliyechanjwa akaugua atadhani amedanganywa. Waraka hauna budi kutenganisha "kuzuia maambukizi" na "kuzuia ugonjwa mkali", hata kama sentensi itarefuka.

"Dozi ya nyongeza" nayo yataka uangalifu. Inafaa pale dawa ile ile inaporudiwa kwa sababu kinga imefifia. Lakini mwaka 2022 zilitolewa chanjo zilizoundwa upya ili zilenge Omicron pia. Hizo si nyongeza tu, na pendekezo langu ni "chanjo iliyohuishwa". Vivyo hivyo, tuandike "aina mpya ya kirusi", si "kirusi kipya", ambacho humfanya msomaji atazamie ugonjwa mwingine kabisa. (Umoja "kirusi", uliozaliwa kwa kudhani kwamba "vi-" ya "virusi" ni kiambishi cha wingi, umekwisha kuzoeleka, sioni faida ya kuupinga.)