Kifaransa si Sarufi Tupu

Kila nikutanapo na wanafunzi huniuliza nilisomea nini chuo kikuu. Nikijibu kwamba nilisomea Kifaransa, hudhani kazi yangu ni ukalimani. Mimi ni mtumishi wa serikali kama watumishi wengine, nami napenda kutumia nafasi niliyopewa katika toleo hili kueleza somo lile lilikuwa na nini ndani yake.

Shahada tuliyoisoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliitwa ya Kifaransa, lakini ilichanganya lugha, fasihi, historia, jiografia, sheria na uchumi. Wapo walionung'unika kwamba walikuja kujifunza kusema, si kukariri wafalme. Lakini wahenga walinena: kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuanze na lugha yenyewe. Mwaka 1539, huko Villers-Cotterêts, Mfalme François I aliamuru hukumu na hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Amri hiyo haikuwafanya raia wote wakijue. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, Padre Grégoire alilisomea Bunge taarifa yake: watu wasiopungua milioni 6 hawakuijua kabisa lugha ya taifa, wengine milioni 6 hawakuweza kuendesha mazungumzo kwa lugha hiyo, na waliokisema sawasawa hawakuzidi milioni 3. Waliobaki walikuwa na lugha zao: Kibretoni, Kibaski, Kioksitani na nyinginezo.

Shule ndiyo iliyoendeleza kazi hiyo. Kwa sheria za Jules Ferry, elimu ya msingi ilikuwa bure mwaka 1881 na ya lazima mwaka 1882. Katika shule nyingi za Bretagne na za kusini, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama yake alivishwa kitu shingoni, naye alikivua tu akimnasa mwenzake. Wasomaji wangu mliowahi kuvishwa kibao kwa kosa kama hilo mtatambua kwamba hata watoto wa Ufaransa walionja adhabu hiyo. Na Ferry huyo huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu Ufaransa ilipoitia Tunisia mkononi mwake mwaka 1881. Hayo hayamo katika kitabu cha sarufi.

Njia ya kuunganisha masomo Wafaransa wenyewe wameifanyia kazi kubwa. Mwaka 1929 wanahistoria Marc Bloch na Lucien Febvre walianzisha jarida la Annales, wakidai kwamba historia isiishie kwa wafalme na vita, bali ishike mkono wa jiografia, uchumi na elimu ya jamii. Faida ya njia hiyo nitaionyesha kwa mfano wa hapa kwetu pwani.

Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, sarafu ya fedha ya siku zile. Juu ya hayo Sultani apewe zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 100.

Mwenye lugha peke yake atafasiri "zawadi" na kupita. Mwenye uchumi atapiga hesabu: piastre 2,000 kila mwaka si zawadi, ni ushuru. Mwenye jiografia ataonyesha walikopelekwa watu hao: Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Mwenye sheria atafungua Code Noir ya mwaka 1685, iliyotungiwa toleo la visiwa hivyo mwaka 1723, na kuona kwamba mtumwa alihesabiwa kuwa mali inayohamishika. Na mwenye historia atauliza hao 1,000 walikuwa kina nani, maana mkataba unataja bei zao wala hautaji majina yao.

Kiswahili chetu nacho kina akiba yake huko. Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitoa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa mjini Paris mwaka 1939. Ina kurasa zaidi ya 1,000, nayo hubainisha neno hili ni la Kimvita, hili la Kiamu, hili la Kiunguja. Anayetaka kuzijua lahaja zetu hana budi kuifungua.

Na leo je? Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Sheria za Burundi na Kongo zina asili ya Ubelgiji, na kwa njia hiyo zinatokana na Code civil ya Napoleon ya mwaka 1804. Zetu zina asili ya Uingereza. Barua ikitua mezani kutoka Bujumbura au Kinshasa, mwenye kamusi tu ataelewa maneno yake, lakini asielewe mwandishi anadai haki ipi.

Kwa hiyo, wadogo zetu, someni Kifaransa, lakini msiitupe historia wala jiografia. Nasi wakubwa, mwalimu wa Kifaransa akihama na nafasi yake ikakaa wazi, tusidhani kilichopungua ni kipindi kimoja kwenye ratiba. Waliouzwa Kilwa wameandikwa kwa lugha ya mnunuzi. Ni wajibu wetu kuwa na watu wetu wa kuisoma hati hiyo wenyewe, pasipo kusimuliwa.