Moshi wa aina mbili

Mtoto akicheka peke yake darasani, iwe Kahama au Geita, wenzake watasema neno lilelile: huyu apelekwe Mirembe. Anayelisema hajawahi kufika Dodoma, na pengine hajui kwamba utani wake una umri wa karibu miaka mia moja. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927. Mwaka uliofuata, reli inayotoka Tabora na kupita Shinyanga ikafika Mwanza. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwa familia ya Usukumani yalifika kwa pamoja. Sasa palikuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa wa akili aliyewashinda nyumbani, na palikuwa na chombo cha kumfikisha: Shinyanga hadi Tabora, kisha mashariki mpaka Dodoma.

Wajerumani walikuwa wametangulia. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walijenga mwaka 1896 kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Tiba ilikuwa sala, jembe na ratiba. Mirembe ya Waingereza ilikuja na sheria na ukuta, na jirani yake ikawepo Isanga kwa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai.

Tunapenda kuisimulia historia hii kama safari kutoka ushirikina hadi sayansi, kutoka kwa mganga hadi kwa daktari. Tarehe hazikubali. Dawa ya kwanza iliyotuliza kweli sauti anazozisikia mgonjwa wa skizofrenia, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kwa hiyo kwa robo karne ya mwanzo Mirembe haikuwa na kitu cha namna hiyo, kama ambavyo London na New York hazikuwa nacho. Hospitali iliweza kumfungia mtu, kumlisha, kumpa kazi na kusubiri. Mgonjwa wa Shinyanga aliyepandishwa treni mwaka 1930 hakuwa akiifuata tiba ambayo kijijini haikuwepo. Alikuwa akiondolewa.

Waliobaki nyumbani walikwenda kwa bafumu, waganga wa Kisukuma. Mteja alikwenda na kuku. Kuku alichinjwa, akapasuliwa, na mganga akasoma ndani ya mwili wake habari za aliyemleta: ni mizimu iliyosahauliwa, au ni mkono wa mtu. Mganga mwenyewe mara nyingi aliingia kazini kwa kuugua. Babu au bibi aliyekufa alimtaka, naye akaumwa mpaka alipokubali. Mwaka 1955 yalichapishwa maandiko mawili juu ya mambo haya. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu Buswezi, chama cha watu waliopandwa na mizimu. Ralph Tanner, ofisa wa utawala Usukumani, aliandika makala ambayo ndani ya kichwa chake aliweka neno la madaktari wa Ulaya: histeria. Nchi ni moja na mwaka ni mmoja, lakini mmoja aliona chama na mwingine akaona ugonjwa.

Nikiulizwa, nitasema wote wawili walikuwa wanaangalia tiba. Mtu anayeingia Buswezi anaingia kwa sababu ameteseka. Anafundishwa, anapitishwa katika mambo magumu, anatoka akiwa na ndugu wapya na nafasi mpya, na kile kilichomsumbua kinapewa jina na mahali pa kukaa. Wataalamu wa leo wanaotibu sonona kwa vikundi na mazungumzo wangeitambua sehemu ya kazi hiyo. Mirembe ilimtenga mgonjwa na watu wake. Buswezi ilimwongezea watu.

Lakini kuku alikuwa na jibu la pili, na hapo ndipo sifa zangu kwa bafumu zinapokoma. Jibu likiwa ni mizimu, familia ilitoa sadaka na mambo yakaisha. Likiwa ni mkono wa mtu, palihitajika mtu. Sheria ya uchawi ya mkoloni ilikuwa imekataza kumtaja mwenzako kuwa mchawi, ila ilikuwa vigumu mno kuisimamia ndani ya nyumba ya mganga, usiku, mahali ambapo jina halikulazimika hata kutamkwa. Kidokezo kilitosha: mwanamke, mzee, anakaa upande fulani wa kijiji, macho mekundu.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu waliuawa Mwanza na Shinyanga, na wengi walikuwa wanawake. Mtaalamu wa jamii Simeon Mesaki amezichambua takwimu hizo kwa miaka mingi, na anayezisoma haraka asidhani ni habari za kale. Bibi wa rika lile wana wajukuu wanaosoma ukurasa huu.

Macho yale mekundu yalikuwa na sababu, nayo ilikuwa jikoni. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imepoteza miti yake. Misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, pamba ikataka mashamba, na ng'ombe wakaongezeka. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuirudisha miti na ngitili. Pasipo kuni, mwanamke alipikia mabua na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, kwa miaka arobaini. Moshi ukamla macho. Kisha macho yakasomwa kama ushahidi.

Magharibi ya hapo, kwenye ukanda wa dhahabu, kuna moshi mwingine, ila huu hauonekani. Mgodi mkubwa wa Geita wa enzi ya Mwingereza ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, na mgodi wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Katikati ya hapo, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walijaa vilimani. Utaratibu wao kila mtu wa kule anaujua. Mawe yanatoka kwenye maduara, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni. Mchanga mzito unaobaki unachanganywa na zebaki kwa mkono, unakamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kinachopatikana kinawekwa juu ya mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wengine huchomea nyuma ya nyumba, wengine kwenye jiko hilohilo la ugali, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke wake hauna rangi wala harufu.

Ugonjwa wa zebaki hauanzi kwa mtu kuokota makopo. Unaanza kwa tabia. Aliyekuwa mchangamfu anakuwa na haya kupita kiasi, hataki kutazamwa akifanya kazi. Anakasirika kwa jambo dogo, usingizi unampotea, anasahau alichotumwa. Mkono unatetemeka, mwandiko unaharibika. Madaktari huuita erethizimu, na waliujua kwa watengeneza kofia wa Ulaya na Marekani, waliolainisha manyoya kwa zebaki. Kiingereza kina msemo wa mtu aliye mwendawazimu kama mtengeneza kofia, na mji wa Danbury, Connecticut, uliipa jina lake mitetemeko hiyo. Marekani iliacha zebaki kwenye kofia mwaka 1941 tu, vita ilipoifanya iwe bidhaa ya kijeshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa ulipeleka watafiti Rwamagasa, wilayani Geita. Walipima damu, mkojo na nywele, wakawapima watu mitetemeko na kumbukumbu. Kati ya wachomaji 99, watu 25 walikutwa na sumu sugu ya zebaki mwilini. Robo nzima. Kila mmoja wao ana mke, mume au bosi aliyekwisha kutoa maelezo yake: mlevi huyu, bangi hiyo, amelogwa kwa sababu ya dhahabu yake. Maelezo ya mwisho ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote, kwa sababu mwisho wa njia ile tumeuona.

Tiba yake haifanani na ya magonjwa mengine ya akili. Vidonge vya skizofrenia havigusi chanzo. Ziko dawa za kuivuta zebaki mwilini, ila hazina maana kwa mtu atakayechoma tena Jumatatu. Chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, retoti, huziba mlango wa ugonjwa kabla haujaingia. Hapo fundi wa kuchomelea vyuma wa Katoro anaweza kuokoa akili nyingi kuliko wodi.

Anayeweza kuugundua ugonjwa huu mapema ni mhudumu wa zahanati. Tanzania ilianza kushusha huduma ya akili hadi ngazi hiyo katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, kwa majaribio ya Morogoro na Kilimanjaro. Si Shinyanga, si Geita. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

Nesi anayempokea kijana anayetetemeka, asiyelala wiki ya tatu, ana maswali yake ya kawaida: unakunywa, unavuta, unasikia sauti, kwenu kuna mwenye ugonjwa huu? Ayaulize yote. Halafu amwulize anachomea wapi kidonge chake, na nani anapikia jiko hilo.