Shoka na Macho ya Watu

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 2013, shirika la utangazaji la taifa la Norway, NRK, lilirusha kipindi kimoja kilichodumu saa 12, na chote kilihusu kuni. Saa nne za mwanzo watu walikata magogo, wakayachanja, wakayapanga na kuyazungumzia. Saa nane zilizobaki kamera iliuelekea moto tu, na usiku kucha kulikuwa na mtu wa kutia kuni. Watazamaji waliandika kulalamika. Wapo waliotaka gome la ukuni litazame juu unapowekwa motoni, na wapo waliotaka litazame chini, na kila upande ulikuwa na hakika kwamba mwenzake amelelewa vibaya.

Kipindi hicho kilizaliwa na kitabu cha Lars Mytting, *Hel Ved*, kilichotoka mwaka 2011. Jina lake lina maana mbili: ukuni mzima usio na kasoro, na mtu wa kuaminika. Mytting anaanza na jirani mzee, mgonjwa, ambaye majira ya kuchipua aliletewa shehena ya magogo mlangoni. Mzee akatoka nje, taratibu, akaanza kuyashughulikia, na siku hadi siku uhai ukamrudia usoni. Nilizisoma zile kurasa za mwanzo nikiwa nimetulia kabisa, kisha nikajikuta nimeufunga mkono juu ya kitabu. Nilikuwa namfikiria shangazi yangu wa Lushoto, aliyechanja kuni tangu akiwa msichana wa miaka tisa au kumi, na hakuna mtu aliyewahi kusimama akamtazama.

Hilo ndilo linalonisukuma kulinganisha. Kazi ni ileile: mti, chuma, mkono, na moto unaosubiri ndani. Lakini zipo jamii ambamo kazi hii imeandikiwa vitabu na mashairi, na zipo ambamo imeachwa bila hata neno la pongezi. Zamani nilidhani tofauti inatokana na utajiri na umaskini. Siku hizi naona kuna jambo jingine pia, na nitalifikia.

Nchini Norway kuni hupimwa kwa *favn*. Hiyo ndiyo pima yetu, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kwa lugha yao neno hilohilo ni kumbatio. Favn moja ni meta za ujazo 2.4 za kuni zilizopangwa. Kwetu milimani kipimo ni mzigo, yaani kiasi ambacho shingo inaweza kukileta nyumbani kutoka msituni bila kutua zaidi ya mara moja au mbili. Kipimo chao kinaanzia kifuani mwa mtu aliyesimama mbele ya rundo lake. Chetu kinaanzia utosini, juu ya ngata ya majani ya mgomba.

Hata mashoka yanatofautiana kwa namna inayofundisha. Shoka la kuchanjia la Norway lina kichwa kizito chenye umbo la kabari, na mpini unapenya ndani ya chuma. Mpini ukisinyaa kwa ukavu, kichwa hulegea. Shoka la shangazi ni la mhunzi: bapa jembamba lenye msuka mrefu, na msuka huo umepenyezwa kwenye tundu la mpini, mahali palipoachwa pawe panene kama ngumi. Kila pigo linazidi kuukaza msuka. Kwao chuma kimeushika mti, kwetu mti umekishika chuma. Nimelishika shoka hilo mara nyingi. Ni jepesi kiasi cha kukudanganya kwamba halina kazi, mpaka umwone mwenyewe akilitumia.

Anayelitengeneza shoka ni moto. Jiko la chuma la Norway lina mlango mdogo, na kuni zao kwa kawaida huwa za sentimeta 30. Gogo fupi namna hiyo unalisimamisha juu ya kigogo, unalipiga wima kwa uzito, linaachana. Mafiga hayana mlango. Ukuni mrefu huingizwa ncha yake tu na kusukumwa kadiri moto unavyoula. Maharage yakianza kufurika unauvuta nje. Kwa hiyo shangazi hatafuti vipande vifupi. Anataka virefu na vyembamba. Hulilaza gogo, huinama akasoma ncha yake kwa kidole akiutafuta ufa ambao mti umeuanzisha wenyewe, hupachika kabari ya mti mgumu hapo, hugonga mara mbili, kisha huufuata ufa kwa shoka dogo hatua kwa hatua mpaka gogo lifunguke lote kama ganda la njegere. Penye fundo hapigani. Hulizunguka.

Na anaijua miti. Mkaratusi huuchanja ungali mbichi, kwa sababu ukikauka nyuzi zake zilizojisokota hukamatana na shoka hugota. Mwati anaweza kuungoja. Haya hakuyapata kitabuni, wala Mytting hakuyapata yake shuleni. Yeye alizunguka akiwauliza wazee wa nchi yake kuhusu mti wa *birch*, kuhusu kukata kabla maji hayajapanda shinani, kuhusu kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Ni elimu ya aina moja. Tofauti ni kwamba wazee wa Norway waliulizwa.

Kwenye kukausha ndipo ninapoona ukaribu mkubwa zaidi. Kwao ni rundo nje ya nyumba, limepangwa kwa ustadi, upepo upite katikati na mvua isifike. Kwetu ni uchaga juu ya meko, ambako moshi wa leo unazikausha kuni za wiki ijayo. Wazee walisema kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Walioisema methali hiyo walikuwa wameketi chini ya uchaga wakizitazama zote mbili kwa wakati mmoja. Rundo la Norway linaonekana na mpita njia, na huko watu humsoma mwenye nyumba kwa jinsi alivyolipanga. Uchaga wa shangazi umejaa masizi na uko ndani, gizani, ambako hapiti mtu.

Sasa niende Marekani kidogo. Henry David Thoreau, katika *Walden* ya mwaka 1854, anasimulia alivyochanja visiki vilivyong'olewa shambani mwake. Mtu aliyemsaidia kulima alikuwa amembashiria kwamba vitampasha joto mara mbili, akivichanja na akivichoma. Kwa shangazi yangu ningehesabu mara nne, maana kuna kusenya na kuna kubeba kupanda mlima. Lakini anayenishika zaidi ni Robert Frost, katika shairi lake "Two Tramps in Mud Time", lililomo kwenye diwani ya mwaka 1936. Mtu anachanja mwaloni uani kwake mwezi Aprili, anafurahia uzito wa shoka na miguu iliyokita ardhini. Wanatokea vibarua wawili kutoka kambi ya wakata miti. Hawaombi kitu kwa maneno, lakini anajua wanachotaka: wanaitaka kazi ile kwa ujira. Yeye anachanja kwa mapenzi, wao wangechanja kwa shida. Anakiri kwamba haki ya mwenye shida ni kubwa zaidi. Hata hivyo moyo wake unatamani kazi ambayo mapenzi na shida vimeungana ndani yake.

Nimelisoma shairi hilo mara nyingi, na kila mara nasimama palepale. Vile vitu viwili anavyotamani viungane, kwa shangazi havijawahi kutengana. Asipochanja, watoto hawali. Na bado nimemwona akitabasamu peke yake gogo linapofunguka bila kubakiza kibanzi. Frost hakuwa na namna ya kumwona mtu wa jinsi hiyo, kwa sababu katika shairi lake wote watatu ni wanaume, na wale wawili wanamtazama. Wanampima kwa namna anavyolishika shoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka misiba ya kwetu. Siku za kawaida shoka ni la mama. Ukitokea msiba au harusi, vijana wa kiume wanakuja asubuhi, wanavua mashati, wanachanja kuni za kupikia umati mzima, huku wazee wamekaa kwenye viti wakiwahesabu nani ana nguvu na nani mvivu. Hakuna aliyewaamuru. Kazi imetoka nyuma ya nyumba ikaja mbele, na shoka likabadilisha mikono. Naamini jambo hilohilo ndilo lililotokea kwenye ua wa Frost, na kwenye marundo ya Norway. Macho ya watu yakishafika, kazi inapata heshima, na ikipata heshima inapata mwanaume wa kuisimulia.

Kuna mmoja wa kwetu aliyeisimulia kutoka upande wa pili. Wangari Maathai wa Kenya, katika kumbukumbu zake, *Unbowed*, za mwaka 2006, anaeleza alivyokuwa mtoto akienda kuokota kuni, na mama yake akamkataza kuchukua hata kijiti cha mgumo, kwa kuwa ule ni mti wa Mungu. Baadaye aliona mgumo ule umekatwa na kijito alichokuwa akichezea kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na miongoni mwa mambo yaliyomsukuma ni vilio vya wanawake wa vijijini kwamba kuni zimekuwa mbali. Mytting anafundisha mti gani ukatwe na lini. Mama yake Wangari alifundisha mti gani uachwe. Ningependa vitabu hivyo viwili viwekwe kwenye rafu moja, maana kila kimoja kina nusu ambayo mwenzake hana.

Sitaki mtu adhani naomba mafiga yadumu. Macho ya shangazi ni mekundu na kifua chake kinakoroma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Hata Norway, tangu 1998, majiko mapya ya kuni yanalazimika kuwa ya moshi mdogo. Tanzania ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya watu, na mtungi wa gesi umeshafika jikoni kwa shangazi. Nilifurahi siku ulipofika. Yeye pia alifurahi. Kinachoniuma ni kwamba elimu yake itaondoka pamoja na moshi, wakati vilikuwa vitu viwili tofauti.

Moto wenyewe haujaondoka Lushoto. Juni na Julai baridi ya Usambara inaingia mifupani, na nyumba za zamani bado zina dohani. Karibu na kwetu kuna nyumba moja ya wageni ambayo huwasha moto sebuleni kila jioni. Kijana wa jirani ameajiriwa kuchanja kuni zake, kwa shoka la dukani, na wageni hupenda kumpiga picha. Safari iliyopita nilimpeleka shangazi pale kunywa chai. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu kando ya moto, akainama, akachukua kuni mbili, akaziinua sawa na sikio lake na kuzigonganisha. Sauti ilitoka nzito, butu, kama ngumi kwenye godoro. Akachagua nyingine mbili, akagonga, akasikiliza.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana, "hizi bado. Na huu ni mkaratusi, ulingoja mno ndipo ukauchanja, ndiyo maana umechanika vibaya hivi. Njoo nje nikuonyeshe."

Wakatoka wote wawili, na shoka walilichukua.